Aniceti Kitereza: Mkerewe aliyelazimika kujitafsiri ili asomwe

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

ANAYETOKA Somanda, mjini Bariadi, kwenda kisiwani Ukerewe hushuka hadi Lamadi kando ya Ziwa Victoria, akapita Bunda, kisha akaelekea Kisorya kulipo kivuko cha kumfikisha Rugezi. Katika safari hiyo moja lugha hubadilika mara kadhaa. Somanda ataacha Kinyantuzu, yaani Kisukuma cha watu wa Bariadi, ambacho Msukuma wa Mwanza hukitambua mara moja kuwa si chake. Bunda atasikia Kiikizu na Kijita. Akishavuka maji atawakuta Wakerewe, Wajita, Wakara na Wasukuma katika kisiwa kimoja, wakioana na kuzikana. Kinachomvusha abiria kutoka mazungumzo haya hadi yale, kama kivuko chenyewe, ni Kiswahili.

Katika kisiwa hicho, kilicho kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa hilo, ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Aliandika riwaya moja tu. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, akangoja miaka 35 kabla haijachapishwa, na ilipochapishwa ilikuwa kwa lugha nyingine. Yeye mwenyewe hakuwahi kuishika mkononi.

Riwaya hiyo inaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Wanafunzi wa fasihi katika vyuo vikuu vyetu wanaifahamu, au angalau wamewahi kuliona jina lake kwenye orodha. Nje ya madarasa hayo, mwandishi wake hana umaarufu wa Shaaban Robert, na hapa mijini ni nadra kumkuta msomaji anayeweza kusimulia habari za maisha yake. Ni pengo la kusikitisha, kwa sababu maisha hayo yanaligusa jambo ambalo kila Mtanzania mwenye lugha mbili analijua moyoni: kwamba yapo mambo ambayo mtu huyasema kwa lugha ya nyumbani, na akijaribu kuyahamishia kwenye lugha ya taifa hubaki na kitu kisichohama.

Kitereza alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wasilanga, ukoo uliotoa watawala wa Ukerewe ambao Wakerewe wenyewe huwaita omukama. Hata ukoo huo haukuwa mwenyeji kwa maana ambayo wengi huipa neno hilo. Simulizi za kisiwa zinaeleza kwamba mababu zake, wakiongozwa na Katobaha, walivuka ziwa kutoka Ihangiro, upande wa magharibi, katika nchi ya Wahaya. Waliwakuta watu, wakawatawala, wakachanganyika nao. Baadaye kisiwa kikaendelea kupokea wageni kutoka bara, wakiwamo Wasukuma waliofanya biashara na Wakerewe kuvuka Ghuba ya Speke. Kwa hiyo anayetafuta Mkerewe asiyechanganyika na mtu atazunguka kisiwa chote pasipo kumpata. Kilichowafanya watu hao kuwa Wakerewe ni kuishi chini ya omukama mmoja na kuzungumza lugha moja.

Mwandishi huyo alizaliwa wakati nguzo ya kwanza kati ya hizo mbili imekwisha tikiswa. Omukama Rukonge, ambaye katika utawala wake wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani humo mwaka 1877, aliondolewa madarakani na Wajerumani mwaka 1895. Kitereza alikuja duniani mwaka uliofuata. Tangu hapo omukama alibaki na kiti, lakini amri ilitoka kwingine. Nguzo ya pili, yaani lugha, ilikuwa bado imesimama.

Baba yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akakulia karibu na jumba la kifalme, mahali ambapo Kikerewe kilizungumzwa kwa adabu na mapambo yake yote. Ni busara kudhani kwamba pale ndipo sikio lake lilipofunzwa. Mwaka 1905 aliingia shule ya misheni ya Kagunguli, iliyoendeshwa na Mapadri Weupe, akabatizwa na kupewa jina la Aniceti. Miaka minne baadaye walimpeleka seminari ya Rubya, Bukoba.

Rubya ipo Ihangiro. Kijana wa ukoo wa Wasilanga alirudishwa na kanisa katika nchi ile ile ambayo simulizi zinasema mababu zake waliondoka, akakuta watu wanaozungumza Kihaya, lugha ambayo ni ndugu wa karibu wa Kikerewe. Darasani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Alisoma Kilatini, akasoma Kijerumani kilichokuwa lugha ya serikali, na akakitumia Kiswahili kilichowaunganisha wanafunzi waliotoka pande mbalimbali za ziwa. Alikaa huko takriban miaka kumi.

Katika miaka hiyo hiyo ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliitwaa Ukerewe mwezi Juni 1916 na Mwanza mwezi uliofuata. Kijerumani alichokuwa amekihangaikia kikageuka kuwa lugha ya watawala walioshindwa, na Kiingereza kikachukua nafasi yake mezani. Kabla hajatimiza miaka 25, Kitereza alikuwa amekwisha kuona kwamba lugha inaweza kupandishwa cheo na kushushwa bila wenye kuizungumza kuulizwa. Somo hilo hakufundishwa na padri yeyote.

Upadri hakuufikia. Mwaka 1919 aliondoka seminari, na mwaka huo huo akamwoa Anna Katura. Ndoa hiyo ilidumu, na ndiyo yenye ufunguo wa riwaya nzima. Watoto waliojaliwa kuwapata walifariki wote, hakubaki hata mmoja. Katika jamii ya wakati ule, na tuseme kweli hata ya leo, mwanamume wa namna hiyo angeshauriwa na ndugu zake aoe mke mwingine, na wengi wasingemlaumu kama angekubali. Kitereza hakufanya hivyo. Imani yake ya Kikatoliki ilimzuia, bila shaka, lakini anayesoma kitabu chake hawezi kuamini kwamba ni imani peke yake.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya ukarani mjini Mwanza kwa mfanyabiashara wa Kiitaliano. Vita Kuu ya Pili ilipokuja alirudi Kagunguli, akawa katekista na mfasiri wa wamisionari, kazi iliyomfanya ashinde akihamisha maneno ya dini kutoka lugha za Ulaya na kuyaingiza katika Kikerewe. Anayefanya kazi hiyo kwa muda mrefu huanza kuona mahali lugha yake inapotosha na mahali inapopwaya. Huona pia, jambo ambalo mgeni halioni, utajiri uliopo katika lugha yake usiokuwa na mahali pa kwenda katika lugha ya mgeni.

Kitereza alikuwa pia akikusanya hadithi na methali za Wakerewe. Alikuwa akiona wazee wakifa na vijana wakisahau. Padri mmoja kutoka Canada, Almas Simard, alimtia moyo ayahifadhi mambo hayo kwa maandishi. Hapa ndipo busara ya Kitereza inapoonekana. Angeweza kuandika orodha ya mila: ndoa hivi, mazishi vile, tambiko lile. Wamisionari na wataalamu wa kigeni walikuwa wakiandika vitabu vya aina hiyo, navyo vina faida yake. Yeye alichagua kusimulia habari za mume na mke waliopendana na kukosa mtoto.

Katika kisa hicho Myombekere na Bugonoka wanaishi Ukerewe ya zamani, kabla Mzungu hajafika. Mimba zinaharibika, watoto hawapatikani. Ndugu wa mume wanaanza kumsema mke, maneno yanafika kwa wazazi wake, nao wanakuja kumchukua binti yao. Mume anabaki peke yake katika nyumba isiyo na wa kuwasha moto. Badala ya kutafuta mwingine anakwenda kuwaangukia wakwe zake, nao wanamtoza pombe ya ndizi kama faini. Msomaji anafuatana naye katika kuitafuta mikungu, kuivundika, kuikamua na kuwaomba majirani msaada, mpaka anamrudisha mkewe. Kisha wanatafuta mganga, na baada ya tabu nyingi wanapata mtoto wa kiume na wa kike.

Majina ya watoto hao ni mfano wa jambo tunalolizungumzia. Ntulanalwo ni jina linalomtaja mtu aishiye na kifo, kifo kikiwa jirani yake wa kila siku. Bulihwali ni jina linalouliza huzuni itakwisha lini. Mkerewe akilisikia jina hilo likiitwa uani, mtoto aje kuchukua maji, anausikia msiba wote wa wazazi katika mwito mmoja. Msomaji wa Kiswahili husikia jina tu. Ataelezwa maana yake, ataielewa, atasikitika, lakini maelezo hayo yatamfikia akiwa amekwisha pita.

Mifano ya namna hiyo ni mingi katika lugha hizi mbili. Chukua neno omukama. Kwa Kiswahili tunaweza kusema mfalme, lakini mfalme wa Kiswahili amevaa taji la hadithi na vitabu vitakatifu. Tunaweza kusema mtemi, neno ambalo watu wa Bariadi wanalijua vizuri, ila hilo limetoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi na lina desturi zake. Wajerumani waliwaita watawala hao masultani, Waingereza wakawaita machifu, na kila jina lilimpunguza kitu. Omukama wa Ukerewe alitarajiwa kuleta mvua, na mvua ikikatika kiti chake kilikuwa hatarini. Hakuna hata neno moja kati ya hayo manne lililobeba wingu ndani yake.

Au chukua enanga. Msomaji wa Pwani akisikia nanga atafikiria chombo kilichotia bandarini. Mkerewe na Mhaya wakisikia enanga wanafikiria ala ya nyuzi iliyopigwa ili kuwasifu watawala na kuwaliza waliofiwa. Sauti ni karibu ile ile, lakini mmoja anaona chuma kikizama majini na mwingine anasikia wimbo.

Kitereza aliyajua haya kuliko sisi tunaoyaandika. Ndiyo sababu alikataa njia rahisi. Alikuwa na elimu ya kutosha kuandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, na pengine kwa lugha ya Ulaya. Alichagua Kikerewe kwa sababu aliwaandikia Wakerewe, na kwa sababu alitaka sanaa ifanye kile ambacho kamusi haiwezi: kumweka mtu ndani ya nyumba ya Myombekere, amsikie akisalimia, akisitasita mbele ya mkwe, akinyamaza. Katika riwaya hiyo salamu huchukua nafasi kubwa, na adabu ya kuagana huchukua nafasi kubwa zaidi. Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba kitabu kinakwenda polepole. Ni kweli kinakwenda polepole. Hata hivyo, anayetaka kufika haraka kwa mkwe wake aliyemkasirikia hajawahi kuwa na mkwe.

Mwaka 1945 kazi ilikamilika. Ikawa rundo kubwa la karatasi lisilo na mahali pa kwenda.

Hapakuwa na mchapishaji aliyekuwa tayari kutoa kitabu kirefu hivyo kwa lugha ya watu wa kisiwa kimoja. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu: wanaozungumza Kikerewe ni wachache, waliokuwa wakijua kusoma wakati ule walikuwa wachache zaidi, na wenye fedha za kununua kitabu wachache kabisa. Padri Simard alianza kukitafsiri kwa Kifaransa ili kipate njia ya kutokea Ulaya au Canada, lakini mauti yalimkuta kabla hajamaliza. Muswada ukabaki. Kitereza akaendelea na kazi zake za kanisa, akizeeka na Anna katika nyumba isiyo na mtoto wa kumrithisha karatasi hizo.

Nje ya nyumba hiyo nchi ilikuwa ikibadilika. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria, na hivyo nguzo ile ya kwanza ya Ukerewe ikaanguka kabisa. Kiswahili kilipanda daraja: mwaka 1967 kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Ulikuwa uamuzi wenye hekima, na matunda yake tunayala mpaka leo. Jirani zetu kadhaa waliofanya kila kabila kuwa chama wanatuonea wivu kwa haki. Lakini kila uamuzi una gharama yake, na mmoja kati ya waliolipa gharama hiyo ni mzee wa Kagunguli mwenye muswada wa Kikerewe kabatini.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja kisiwani Gerald Hartwig, Mmarekani aliyekuwa akichunguza historia ya Wakerewe na biashara yao ya masafa marefu, pamoja na mkewe Charlotte. Walimkuta Kitereza akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Walipotambua kile alichokuwa nacho, walimshauri akitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili. Mwaka 1972 ilichapishwa makala kumhusu katika jarida la utafiti wa fasihi za Afrika, na kwa njia hiyo jina la Kitereza likajulikana Marekani kabla halijajulikana Dar es Salaam.

Kazi ya kutafsiri ilimrudia mwenyewe. Tafakari jambo hilo kidogo. Mtu aliyeandika kitabu ili kuilinda lugha yake, sasa katika uzee anakaa chini na kukitoa kitabu hicho ndani ya lugha hiyo, neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa, ili kipate kuishi. Waandishi wengi hutafsiriwa na wageni, nao hupata nafasi ya kumlaumu mfasiri. Kitereza hakuwa na wa kumlaumu. Kila neno lililopotea njiani alilipoteza yeye, akijua uzito wake.

Matokeo yake ni Kiswahili cha pekee. Si Kiswahili cha Pwani, wala si kile cha ofisini. Ni Kiswahili kinachotembea kwa mwendo wa Kikerewe, kinachosimama kueleza desturi, na ambacho hakioni haya kuyaacha maneno ya kisiwani mahali pasipo na badala yake. Mwalimu mkali wa sarufi anaweza kukinyooshea kalamu nyekundu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kalamu hiyo ingeondoa hasa kile kilicho bora. Pale Kiswahili kinapolemewa ndipo msomaji anapojua kwamba kuna lugha nyingine nyuma yake, na kwamba watu hawa hawakuwa wakisema hivi.

Kitabu kilipokelewa na Tanzania Publishing House, shirika la umma lililokuwa likiongozwa na Walter Bgoya, na likakitoa mwaka 1980 kikiwa na kurasa zaidi ya 600. Nchi ilikuwa katika hali ngumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimemalizika mwaka uliotangulia, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa bado hakijaanza kazi. Kwamba katika mazingira hayo shirika lilithubutu kutumia karatasi nyingi hivyo kwa ajili ya mzee wa Ukerewe asiyejulikana ni jambo linalostahili kukumbukwa pale tunapoyahesabu makosa ya mashirika ya umma.

Ila muda ulikuwa umekwisha. Aniceti Kitereza alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 85 hivi, nakala za kitabu chake zikiwa hazijamfikia. Hakuacha mtoto.

Lakini kisiwa chake kiliacha waandishi, na kuwatazama kunatusaidia kumwelewa yeye. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, wakati Kitereza akikaribia kumaliza riwaya yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye Kiswahili. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, ikasomwa zaidi kwa sababu hiyo, na ndani yake mna Ukerewe ya baba mkali na mabinti waliofungiwa. Baadaye, katika Nagona na Mzingile, Kezilahabi alikivunja Kiswahili chenyewe vipande vipande, akitafuta kusema yale ambayo lugha iliyozoeleka haiwezi kuyasema. Alifariki mwezi Januari 2020. Watu wawili wa kisiwa kimoja waligonga ukuta ule ule, mmoja akitokea Kikerewe, mwingine akiwa amekwisha ingia ndani ya Kiswahili.

Wa tatu ni Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, ndugu wa Kitereza katika ukoo ule ule, mwenye jina la omukama aliyetawala Ukerewe tangu 1907 hadi 1938. Huyu alianza kwa Kiingereza, na riwaya yake Village in Uhuru ilitoka mwaka 1969. Kisha akageukia Kiswahili, akaandika Uwike Usiwike Kutakucha, Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa, huku akifundisha katika vyuo vikuu vya hapa nchini na Marekani. Kama mtu angependa kuchora ramani ya uchaguzi uliokuwa mbele ya msomi wa Kitanzania katika karne ya 20, angeweza kuwachukua hawa watatu wa Ukerewe na asihitaji kwenda bara.

Wakati huo kitabu cha Kitereza kilikuwa kimeanza safari ambayo mwenyewe hakuiona. Wilhelm Möhlig, mtaalamu wa lugha za Kiafrika wa Chuo Kikuu cha Cologne, alikitafsiri kwa Kijerumani, na sehemu mbili zake zikatoka mwaka 1991 na 1993. Tafsiri ya Kifaransa, ambayo Padri Simard aliianza na kuiacha, ilipatikana hatimaye kwa mikono mingine katika miaka hiyo ya 1990. Lugha ambayo Kitereza aliikariri Rubya akiwa mtoto, kisha akaiona ikifukuzwa pamoja na wenyewe mwaka 1916, ilimpokea kabla ya Kiingereza. Myombekere akawa na wasomaji Ujerumani waliomjua kwa undani, wakati vijana wa Nansio walikuwa wakimtafuta katika maktaba bila kumpata kwa lugha ya bibi zao.

Hapa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, hali haitofautiani sana. Kisukuma kina wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya kikabila nchini, mamilioni ya watu, na ngoma za Wagika na Wagalu zimebeba utunzi wa vizazi vingi. Hata hivyo hakina riwaya yenye umaarufu wa ile ya Kitereza. Idadi ya wasemaji, ambayo wachapishaji waliitumia kumkatalia mzee yule, haikuwasaidia walio wengi pia. Mtoto wa Somanda hucheka na kutukana kwa Kinyantuzu, huandika mtihani kwa Kiswahili, kisha sekondari huanza kukariri kwa Kiingereza, na hakuna anayemuuliza ni katika lugha ipi kati ya hizo anaota ndoto.

Tafsiri ya Kiingereza ilichelewa kuliko zote. Ruhumbika ndiye aliyeifanya. Alikuwa na toleo la Kiswahili mezani, lililofanywa na mwandishi mwenyewe, na mfasiri mwingine angeridhika nalo. Yeye aliliweka kando, akaurudia muswada wa Kikerewe, akatafsiri kutoka pale. Kitabu kilitoka Dar es Salaam mwaka 2002, miaka 57 baada ya Kitereza kuweka kalamu chini. Mchapishaji wake ni Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya, yule yule aliyekuwa meneja wa Tanzania Publishing House mwaka 1980.